Bia ya chupa nyumbani: joto kwanza, baridi baadaye

Ukiionja bia yako siku ile unayoitia chupani, utasikitika. Imepooza, haina gesi, na harufu ya hamira imeitawala. Usiimwage. Imefika nusu ya safari tu, na nusu iliyobaki itaimalizia ndani ya chupa, gizani, bila kuguswa na mtu. Kazi yako ni kuipa sukari kwa kipimo na kuitafutia mahali penye joto linaloifaa. Sukari wengi tunaijali. Joto ndilo tunalolisahau, na kwa nyumba zetu za hapa Uganda, joto ndilo linaloharibu bia iliyopikwa vizuri kabisa.

Mimi naishi Jinja, kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari. Kreti yangu ya kwanza niliiweka juu ya kabati, nikidhani nimewaepusha watoto. Siku ya tisa, saa tisa alasiri, chupa moja ikapasuka. Nilipoingia chumbani nilikuta kigae cha chupa kimechoma kwenye ubao wa mlango, usawa wa kifua cha mtoto. Nikapanda juu ya kiti na kipimajoto: nyuzi 36 kule juu. Nikakiteremsha sakafuni, chini ya kitanda: nyuzi 25. Chumba kimoja, saa ile ile, tofauti ya nyuzi 11. Tangu siku hiyo napima chumba kabla hata sijanunua kimea.

Pima chumba kwa chupa ya maji

Usipime hewa. Hewa hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa, lakini bia iliyo chupani hubadilika polepole, na hamira inaishi ndani ya bia. Chukua chupa tupu ya bia ya nusu lita, ijaze maji, iache mahali unapofikiria kuweka kreti. Tumbukiza kipimajoto ndani ya chupa hiyo mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi alasiri, na saa tatu usiku. Fanya hivyo siku mbili au tatu na uandike namba zako.

Unatafuta mahali ambapo maji hayo yanabaki kati ya nyuzi 20 na 25, na ambapo tofauti ya asubuhi na alasiri haizidi nyuzi tatu au nne. Hamira nyingi tunazotumia nyumbani, zile zinazochachua bia kwa joto la chumba, hufanya kazi vizuri hapo. Chini ya nyuzi 15 zinasinzia na gesi haiji, au inakuja baada ya miezi. Zikizidi 30 gesi huja haraka sana, lakini bia inazeeka nayo haraka.

Mara nyingi mahali pazuri ni sakafuni, kwenye chumba cha katikati, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Sakafu ya saruji iliyo juu ya ardhi hutunza ubaridi mchana kutwa. Stoo iliyo nyuma ya jiko inavutia kwa kuwa ina giza, lakini sigiri ikiwashwa upande wa pili wa ukuta asubuhi na jioni, chupa zako zinapashwa moto mara mbili kwa siku. Chupa ya maji itakwambia.

Hakikisha bia imemaliza kuchachuka

Hapa naomba usiwe na haraka. Bibi yangu wa Tororo alikuwa akipika ajono, pombe ya wimbi ya kienyeji, na ajono hunyweka ikiwa bado hai: chungu kiko wazi, watu wamekizunguka na mirija mirefu, maji ya moto yanaongezwa, gesi inatoka inavyotaka. Hakuna aliyefikiria kukiziba chungu kile. Chupa ya kioo yenye kizibo ni kitu kingine. Chochote kilichobaki cha kuchachuka kitachachukia humo ndani, na gesi yake haina pa kutokea.

Njia ya kuaminika ni haidromita, kifaa kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Pima leo, pima kesho kutwa, pima tena baada ya siku mbili. Namba ikiwa ile ile mara zote tatu, tuseme 1.012, bia imemaliza. Ikiwa bado inashuka, ngoja. Kuna hesabu inayosaidia kuona ukubwa wa jambo hili: kila namba mbili zinazobaki kushuka, mfano kutoka 1.014 hadi 1.012, huongeza gesi ya kama ujazo mmoja, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Ukifunga chupa kwenye 1.016 wakati bia ilitaka kufika 1.012, umeongeza ujazo mbili za gesi kabla hujatia hata punje ya sukari. Chupa ya kawaida ya bia inatarajiwa kubeba ujazo kama tatu. Ongeza na sukari yako, tayari umepita.

Mapovu kuacha kutoka kwenye mrija wa ndoo si ushahidi. Ndoo inaweza kuwa inavuja kwenye mfuniko, na hamira inaweza kuwa imesinzia kwa baridi ya usiku tu.

Chupa

Tumia chupa za bia za kahawia za nusu lita, zile zinazorudishwa kiwandani. Ni nzito, zimetengenezwa kujazwa tena na tena. Chupa za mvinyo, za waragi na za juisi hazikuundwa kubeba msukumo wa gesi. Usizijaribu hata moja. Pitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka mdomo wa kila chupa. Ukikwama mahali, hata kidogo, chupa hiyo iweke kando: kizibo hakitakaa sawasawa.

Osha kwa brashi hadi usione doa ukiiangalia chupa dhidi ya mwanga. Kisha loweka kwa dakika 20 kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, na usuuze vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala tindikali nyingine. Inatoa gesi ya sumu.

Tafuta pia chupa moja ya plastiki ya soda, ya nusu lita, safi. Iweke na wenzake. Nitaeleza baadaye kazi yake, lakini bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Sukari kwa mizani, si kwa kijiko

Sukari ya kawaida inatosha, iwe ya Kakira au ya Lugazi. Bia iliyochachuka kwenye nyuzi 22 hadi 25 inabaki na gesi kidogo ndani yake, kama ujazo 0.8. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza takriban ujazo mmoja. Bia nyingi hupendeza zikiwa kwenye 2.3 hadi 2.6. Kwa hiyo unahitaji gramu 6 hadi 7 za sukari kwa kila lita ya bia: kwa ndoo ya lita 20, gramu 130 zinatosha. Wanaoishi Kabale, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, wapunguze kidogo, gramu 5.5 hadi 6 kwa lita, kwa sababu kule hewa ni nyepesi na bia ikifunguliwa hutoa povu zaidi kuliko kando ya ziwa.

Pima lita zilizopo kweli, si zile ulizoanza nazo. Ndoo ya lita 20 ikishaachwa na mashapo yake chini inaweza kutoa lita 18. Ukitia sukari ya 20, umeshazidisha.

Kuna wanaotia kijiko cha sukari kwenye kila chupa. Nimewahi kufanya hivyo na sirudii. Kijiko kimoja kinajaa, cha pili kinapungua, na kreti moja inakupa chupa bubu na chupa inayoruka hadi kwenye mabati. Chemsha sukari yote pamoja kwenye nusu lita ya maji kwa dakika tano, funika, iache ipoe. Imimine kwenye ndoo safi, kisha uvute bia kwa mpira kutoka ndoo ya kuchachulia, ncha ya mpira ikiwa chini kabisa ya ndoo mpya ili bia iingie kimya bila kurukaruka. Bia inayorukaruka inabeba hewa, na hewa ndiyo inayoipa bia ladha ya karatasi iliyolowa baada ya wiki chache. Mzunguko wa bia yenyewe utachanganya sukari. Koroga mara mbili tatu taratibu kwa mwiko uliosafishwa.

Jaza kila chupa ukiacha nafasi ya sentimita tatu juu. Funga kwa vizibo vipya na mashine ya mkono. Kizibo kilichofunguliwa kimeshapinda, hakirudi kuziba. Geuza kila chupa kichwa chini kwa sekunde chache. Ikidondosha, funga upya. Ile ya plastiki ijaze vivyo hivyo, ibinye hadi bia ifike mdomoni, ukaze kifuniko hewa ikiwa imetoka yote. Itakuwa imebonyea. Ndivyo tunavyotaka.

Majuma mawili ya joto

Sasa kreti inakwenda pale chupa yako ya maji ilipokuchagulia. Simamisha chupa wima, mashapo yatulie chini. Funika kreti kwa gunia nene au blanketi kuukuu: kwanza kwa ajili ya giza, pili, ikitokea chupa ikapasuka, vigae vibaki humo. Usiweke kreti kwenye chumba wanacholala watoto. Andika tarehe kwenye kizibo kimoja.

Mengine yanategemea unakoishi.

Jinja, Kampala, Entebbe na miji mingine ya kando ya ziwa tumebahatika. Hatuna majira ya baridi kali, na sakafu ya chumba cha katikati hukaa kwenye nyuzi 22 hadi 26 karibu mwaka mzima. Siku 10 hadi 14 zinatosha. Adui wetu ni paa tu.

Gulu, Arua, Moroto na kwingine kaskazini, hasa Januari na Februari, mchana hupita nyuzi 30 na usiku hausaidii sana. Hapo tumia maji. Weka kreti ndani ya beseni pana, mimina maji hadi nusu ya kimo cha chupa, usivifunike vizibo maana vitashika kutu. Zungushia gunia la katani ambalo ncha zake zinazama kwenye maji. Gunia litanyonya maji na kuyapandisha lenyewe, na upepo ukipita maji yanakauka na kuondoka na joto. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, unaweza kupata nafuu ya nyuzi tatu hadi tano. Ongeza maji asubuhi na jioni. Kando ya ziwa njia hii haisaidii sana kwa sababu hewa yetu imeshajaa unyevu. Ukishindwa kushusha chini ya 28, kubali kwamba gesi itakuwa tayari kwa siku saba hivi, na siku ya nane bia iwe imetoka pale. Kuiacha kwenye joto lile wiki ya tatu na ya nne ndiko kunakoiharibu.

Kabale na Kisoro tatizo ni kinyume. Usiku unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na chumba kisichopata jua hakipandi kufika 20. Hamira inasinzia kila usiku na kuamka mchana kwa uvivu. Tafuta boksi kubwa la mbao au la katoni nene, tandika blanketi ndani, panga chupa zikizunguka jerikeni ndogo yenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, kisha funika na blanketi jingine. Badilisha maji hayo asubuhi na jioni. Usiweke boksi kando ya sigiri: upande mmoja utaungua na mwingine utabaki baridi. Baada ya wiki moja geuza chupa taratibu kichwa chini mara moja au mbili ili hamira iliyolala chini irudi kwenye bia. Tegemea wiki tatu hadi nne.

Waliochachua kwa hamira ya laga, inayopenda nyuzi 10 hadi 13, wasihofu kuipa joto la chumba katika hatua hii. Kiasi cha sukari ni kidogo mno kubadilisha ladha, na gesi inakuja upesi zaidi.

Utajuaje gesi imetosha

Ibinye chupa ya plastiki. Siku ya kwanza ilikuwa imebonyea. Kwa siku tatu au nne utaona imejaa na kurudi umbo lake. Ikifika siku ambayo kidole gumba hakiingii kabisa, ngumu kama soda mpya ya dukani, gesi imekaribia kukamilika. Ipe siku tatu nyingine, kwa kuwa gesi inatangulia kukaa kwenye nafasi ya juu na inahitaji muda kuyeyuka ndani ya bia.

Kisha weka chupa moja ya kioo kwenye friji siku mbili nzima, uifungue. Siku mbili, si saa mbili. Bia iliyopoa haraka hutoa povu kubwa halafu inakuwa bapa mdomoni, na mtu anasema sukari ilipungua kumbe gesi ilikuwa haijatulia. Ikiwa baada ya siku mbili bado imepooza, rudisha kreti kwenye joto wiki moja zaidi. Usiongeze sukari. Karibu kila mara tatizo ni baridi au haraka.

Ikiwa chupa ya plastiki imekuwa ngumu kama jiwe siku ya tatu na chini yake imeanza kututumka, hiyo ni hatari, na ina sababu mbili tu: sukari nyingi au bia haikumaliza kuchachuka. Vaa miwani, glavu nene na shati la mikono mirefu. Usizitikise chupa. Zihamishie kwenye friji zote kama inawezekana. Baridi inapunguza msukumo na kuilaza hamira. Zikishapoa usiku kucha, inua kizibo cha kila moja taratibu kwa kifungulio, gesi itoke kwa mfoko mdogo, kisha funga kwa kizibo kipya. Kama huna friji, funika kreti kwa magunia yaliyolowa, mfukuze kila mtu chumbani, ngoja usiku wa manane upoe, ndipo uzifungue moja moja ukiwa umezifunga kitambaa kinene. Bia haifai jicho la mtu.

Baridi na kuhifadhi

Gesi ikikamilika, joto limemaliza kazi yake. Kuanzia hapo linazeesha bia. Kanuni ya makadirio ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, bia inazeeka mara mbili upesi, au zaidi. Mwezi mmoja kwenye nyuzi 30 ni kama miezi miwili kwenye 20, na bia ile ile ingekaa kwenye friji miezi mingi ikiwa nzima.

Mahali pazuri pa kuweka akiba ni penye nyuzi 10 hadi 13, na huku kwetu pa namna hiyo hapapatikani bila mashine, isipokuwa milimani. Kwa hiyo mimi nafanya hivi: chupa za kunywa wiki hizi mbili tatu zinaingia friji, zilizobaki zinakaa sakafuni chini ya gunia, na napika kidogo kidogo badala ya kujaza nyumba. Bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, inywe ndani ya miezi miwili, kwani harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka. Bia nyeusi na kali, ya asilimia saba au nane, inavumilia miezi sita hata mwaka, na mara nyingine inakuwa tamu zaidi.

Wengi wanaamini kwamba umeme ukikatika, friji ikapata joto kisha ikapoa tena, bia imeharibika. Si kweli. Kinachohesabika ni muda wote bia iliokaa kwenye joto. Umeme ukikatika saa sita, acha mlango wa friji umefungwa na usihangaike. Kinachoharibu bia kwa dakika chache ni mwanga. Jua likipiga bia yenye hopsi kwenye chupa nyeupe au ya kijani, hutengenezeka kemikali yenye salfa inayonuka kama kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, si wote, kwa hiyo usianike kreti barazani hata kwa mchana mmoja.

Kama unataka kuwauzia majirani, hilo linahitaji leseni. Mwongozo huu ni wa bia ya nyumbani, kwa watu wazima wa nyumbani na wageni wao.

Siku ya kunywa, toa chupa kwenye friji bila kuilaza. Inamisha glasi, mimina mara moja bila kusita, na uangalie shingo ya chupa: utaona utepe wa kijivu wa hamira unateleza kuelekea mdomoni. Hapo simama. Kilichobaki ni kama kidole kimoja cha bia na mashapo. Kimwage, tia maji kwenye chupa, itikise, suuza papo hapo. Mashapo yakikauka usiku mmoja, utayasugua kwa brashi robo saa.